Bei ya Tokyo, Barabara za Kampala: Nissan Z kwa Hesabu ya Kurudi Nyuma

Kampala ina watu wasiomiliki hata baiskeli lakini wanajua bei ya kila gari la michezo duniani. Hao ndio wasomaji wangu, na mimi ni mmoja wao. Tangu Nissan waonyeshe gari la mfano la Z mpya Septemba 2020, kisha gari lenyewe mjini New York tarehe 17 Agosti 2021, mabishano hayajalala: ikitua kwetu itauzwa ngapi, na itakwenda vipi? Wamarekani walishajibiwa. Walitajiwa bei ya kuanzia, dola 39,990, na magari yakaanza kuwafikia 2022. Sisi hatukujibiwa kwa sababu hakuna aliyejua kama tumeuliza. Mmarekani husubiri kampuni itaje bei. Mtu wa Kampala husubiri Mjapani alichoke gari lake.

Basi tuhesabu, kumi kushuka hadi moja. Mepesi kwanza, machungu baadaye.

10. Sura

Hapa Nissan hawana kesi ya kujibu. Pua ndefu wameichukua kwa babu wa familia, Datsun 240Z ya 1969. Taa za nyuma wamezichukua kwa mjomba, 300ZX ya miaka ya 1990. Juu ya dashibodi kuna geji tatu za duara zinazomtazama dereva, kama zilivyokuwa enzi za babu. Ukivua nguo hizo, mifupa ni ya 370Z, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza 2008. Mafundi wa Ndeeba, wanaoweza kunyoosha Premio iliyobondeka, wakaipiga rangi ikaonekana imetoka kiwandani jana, watawaelewa Nissan bila mkalimani.

9. Viti

Viwili. Sasa fikiria siku ya kwanjula, ya kutambulishwa ukweni. Bwana harusi amevaa kanzu na koti, Z inang'aa, na ukoo mzima umesimama kando ya barabara Kyengera unauliza nani anapanda. Msemaji wa familia? Kreti za soda? Buti ya Z inameza mkoba wa safari na mkungu mmoja wa matoke, tena mkungu wenyewe ukubali kulala ubavu. Mkifika, ssenga, yaani shangazi wa binti, atalizunguka gari mara moja na kuuliza swali moja tu: watoto watakaa wapi?

8. Injini

Hapa ndipo wabishi wa Kampala wanapaswa kunyamaza kidogo wasikilize, maana kwenye urefu wetu hii habari ni tamu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Z iliyopita, 370Z, ilikuwa na V6 ya lita 3.7 bila turbo, nguvu za farasi 332. Mpya ina V6 ya lita 3.0 yenye turbo mbili, nguvu za farasi 400. Injini imepungua ukubwa, farasi wameongezeka. Tofauti hiyo ya 68 ndiyo waliyoiandika waandishi wa magari kila mahali. Ambalo hawakuliandika, kwa kuwa haliwahusu, ni kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupumua hewa inayoikuta, na ikiikuta nyepesi hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo 370Z ya farasi 332 waliohesabiwa pwani, ikipanda hadi Kololo imeshaacha farasi kama thelathini njiani, pengine wako Nakuru wanakula majani.

Turbo kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mwinuko hauisumbui sana. Maana yake, pengo kati ya Z ya zamani na mpya ni kubwa zaidi Kampala kuliko Mombasa. Mwenye 370Z hapa mjini, na wapo wachache, asisome aya hii usiku.

Kwa kulinganisha: 240Z ya kwanza ilitangazwa kwa nguvu za farasi 151 na ikauzwa Marekani dola 3,526. Kwa pesa hizo leo unapata mlango na kioo.

7. Gia

Unachagua gia sita za mkono au otomatiki ya gia tisa. Wapenzi wa kweli watachukua za mkono na kujigamba nazo. Halafu watakutana na Jinja Road saa kumi na moja jioni, kutoka Nakawa hadi Kireka, klachi ndani, klachi nje, hadi mguu wa kushoto uombe talaka.

Nismo, ile kali zaidi ya nguvu za farasi 420 iliyotoka kama toleo la 2024, ilikuja na otomatiki peke yake na bei ya dola 64,990. Yaani unaongeza dola 25,000 ili unyang'anywe gia. Mimi bado nipo upande wa mkono. Mguu ni wangu.

6. Pa kukimbizia

Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Z inatumia chini ya sekunde 5. Vizuri. Wapi?

Si Wandegeya. Pale Z na teksi ya abiria kumi na nne zina kasi sawa, na zote zinapitwa na boda iliyobeba kitanda. Mashabiki wa Subaru hupenda kutaja injini yao ya boxer. Kampala, Boxer pekee inayowahi kufika ni ile ya Bajaj.

Inabaki barabara ya mwendokasi ya Entebbe. Ilifunguliwa 2018, na tangu Januari 2022 gari dogo hulipa shilingi 5,000 kupita. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 100 kwa saa. Piga hesabu: unalipa kibandani, unakanyaga, sekunde tano baadaye umefika kikomo cha sheria na raha imekwisha. Shilingi elfu moja kwa sekunde. Kuna kumbi za starehe Kabalagala zenye bei nafuu kuliko hiyo.

Ukizidisha, jua kwamba Juni 2025 serikali iliwasha mfumo wa faini za kamera, na mtu aliyevuka kikomo kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa alitakiwa kulipa shilingi 600,000. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mfumo ulisimamishwa mwezi huohuo. Mwenye Z asishangilie sana, kamera hazikung'olewa.

Viwanja vya mashindano tunavyo, Busiika na Garuga, lakini hivyo ni vya udongo na Z mpya haikuumbwa kwa udongo. Babu yake aliumbwa kwa udongo. Tutafika huko.

5. Mashimo

Aprili 2023 mchoraji katuni na msomi Jim Spire Ssentongo aliwaalika watu wa Kampala waweke mtandaoni picha za mashimo ya mitaa yao, akayaita maonyesho. Watu waliitikia kama wamealikwa harusi. Mashimo yalipigwa picha yakiwa na maji, yakiwa na migomba iliyopandwa katikati, mengine na watu wakivua samaki wa mzaha. Ndani ya siku chache Rais aliagiza itolewe shilingi bilioni 6 kuyaziba.

Mengine yalizibwa. Mengine yalipumzika yakarudi.

Tumbo la Z liko kama sentimita 12 kutoka ardhini. Ipeleke kwenye tuta la mtaani, lile ambalo wakazi walilijenga wenyewe kwa saruji iliyobaki, uone inavyovukwa. Kwanza abiria anashuka. Anachuchumaa mbele ya bampa na kuinua mkono. Dereva anakata kona ili tairi moja ipande kabla ya nyingine. "Leta, leta, leta, simama!" Mlio mmoja mrefu wa plastiki ikisugua saruji. Watoto wanapiga makofi. Nyuma, dereva wa Noah anapiga honi bila kuiachia. Huo ndio utendaji halisi wa farasi 400, na tangazo la Nissan halina picha yake.

4. Mafuta

Tangi linachukua lita 62. Petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, kujaza ni shilingi 310,000. Vipimo rasmi vya Marekani vinaipa Z ya gia za mkono takriban lita 13 kwa kilomita 100 mjini, na mji waliopimia haukuwa na mzunguko wa Kibuye. Kumbuka pia Januari 2022, malori yalipokwama mpakani kwa mgogoro wa vipimo vya korona na lita moja ikauzwa hadi shilingi 10,000 sehemu nyingine. Siku kama hiyo Z hufunikwa turubai na kuitwa uwekezaji.

3. Spea, na kivuli cha Subaru

Soko la Kisekka lina kila kitu. Mzaha wa mjini unasema ukiibiwa kioo cha pembeni, unaweza kukinunua tena kikiwa bado kina vumbi lako. Lakini nenda pale uulize turbo ya VR30, ile injini ya Z. Muuzaji hatasema hana. Atasema, "Boss, iko, ila iko njiani," na kijana atatumwa kwenye kibanda cha tatu, ambako atarudi na turbo ya Forester na maelezo kwamba "zinafanana, tunarekebisha kidogo."

Hilo la Forester si bahati mbaya. Kampala ni mji wa Subaru. Tulimwona Colin McRae akishinda Safari Rally 1997 kwa Impreza, tukamwona Richard Burns akiirudia kazi hiyo 2000, na madereva wetu wa Pearl of Africa Rally wakazikokota Impreza kwenye matope ya Mukono na Mbarara mpaka kila fundi akajua kuifungua injini hiyo akiwa amefumba macho. Fundi anayejua gari ni sehemu ya bei ya gari. Katika hili Z inaanza nyuma kwa miaka ishirini na zaidi.

Ila Subaru nao walituangusha. WRX mpya ya 2022 ilikuja na injini ya lita 2.4 na nguvu za farasi 271, watu wakasema haya, sasa tusubiri STI yenyewe. Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba STI ya petroli ya umbo hilo haitakuwepo. Kuna matanga yalikaliwa kwenye magereji ya mji huu. Nafasi iko wazi, na anayeweza kuijaza ana viti viwili na tumbo la sentimita 12. Ndiyo hali.

2. Haki ya kuzaliwa

Anayesema Z si gari la huku hajui historia, na hapa siweki mzaha mwingi kwa sababu haki ni haki.

Mwaka 1945 alizaliwa Uganda, katika ukoo wa wenye mashamba makubwa, kijana aliyeitwa Shekhar Mehta. Alianza mashindano ya magari akiwa na miaka ishirini na kitu. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mikononi mwa Edgar Herrmann, na gari la pili kufika lilikuwa 240Z nyingine, dereva Mehta. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia ya Mehta ikahamia Kenya. Mwaka 1973 alirudi kwenye Safari na 240Z, msaidizi wake Lofty Drews. Baada ya siku za matope na vumbi, alikuta amelingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun. Kanuni ikatazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ni Mehta.

Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, zote kwa magari ya kampuni hiyohiyo. Ushindi wa mara tano. Alifariki London 2006, na hakuiona Z hii.

Kwa hiyo pua ile ndefu wanayoisifu huko New York ilipata jina lake kubwa la uimara kwenye barabara zetu, na aliyeipa mojawapo ya siku zake kuu ni mzaliwa wa Uganda. Nissan wangekuwa na adabu wangetupunguzia bei. Hawatapunguza. Twende kwenye bei.

1. Bei

Japani, ambako inaitwa Fairlady Z, bei ya kuanzia ilikuwa yen 5,241,500. Ulaya hawakuletewa kabisa kwa sababu ya kanuni za moshi, kwa hiyo usimtume shemeji yako wa London. Usukani wa kulia utaupata Japani au Australia. Tena Japani kwenyewe maagizo yalizidi magari, na dirisha likafungwa 2022 huku wengine wamesimama kwenye foleni.

Tuseme bahati imekuangukia, gari limefika bandari ya Mombasa na kila kitu, nauli ya meli na bima ndani yake, kwa dola 40,000. Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 10,000. VAT asilimia 18, na VAT hiyo inakokotolewa baada ya ushuru kuongezwa, si kabla: dola 9,000. Kodi ya zuio asilimia 6: dola 2,400. Tozo ya miundombinu asilimia 1.5, ile ya kutengeneza barabara tulizozijadili kwenye namba tano: dola 600. Jumla ya kodi ni dola 22,000. Gari la dola 40,000 sasa ni la dola 62,000, na dola ikiwa shilingi 3,600 hiyo ni shilingi milioni 223. Bado hujamlipa wakala wa forodha, bado hujachukua namba za kidijitali, na gari bado lina zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kampala. Usifikirie kuwapelekea URA, watoza kodi wetu, risiti yenye bei ya kirafiki. Kwa magari yaliyotumika wana orodha yao ya thamani, na wanaiamini kuliko wanavyokuamini wewe.

Kwa milioni 223 mama yako atakutajia viwanja Gayaza. Atavitaja kimoja kimoja, na mwenye kila kiwanja atamjua kwa jina. Usibishane naye. Ana haki.

Ndiyo maana tunasubiri lizeeke. Lakini hata kuzeeka kuna mpaka. Likiwa jipya, bei yenyewe inakuua. Likizeeka, inaingia tozo ya mazingira, ambayo hulenga magari ya umri mkubwa na inaweza kula punguzo lote ulilosubiri. Na tangu sheria ya 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, uwe na pesa au usiwe nazo. Kwa hiyo kuna mlango mwembamba katikati: gari limeshuka thamani, tozo haijalikamata, Mjapani amelichoka. Wanunuzi wa Kampala wamekuwa wakiupima mlango huo kwa Harrier na Prado kwa miaka mingi bila kikokotoo. Z haina tofauti, isipokuwa magari ya aina hii hushuka bei polepole na mengine hugoma kushuka.

Hukumu yangu: chukua ya kawaida, gia sita za mkono, ya 2022 au 2023, uache Nismo kwa wenye kazi serikalini. Mpigie wakala wa forodha kabla hujampigia muuzaji wa Yokohama, akutajie tozo ya umri kwa shilingi. Na usikae sana ukitafakari: Z zilizotengenezwa 2022 zinafungiwa mpaka wa Malaba mwaka 2037.